Msalaba Mdogo wa Mwadime

Amalemba, Kakamega

Mama,

Shikamoo. Mguu umepoa, au bado unapanda mlima kwenda kwenye mboga huku ukisema haukuumi? Mimi ni mzima wa mwili. Usingizi ndio sina, na hata chakula nakula nimesimama.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikimtaja kaka Mwadime tu, unaniambia mtandao mbaya. Barua hii nimeituma kwa basi, utaipata Jumatano. Isikilize yote.

Yule mzee ninayemsaidia kuchora, Mzee Joris, Mbelgiji wa upande wa Flandria, anamalizia picha ya altare ya kanisa moja huko Mumias. Inachukuliwa Jumamosi. Huyu mzee kwao alikuwa akichora sura za matajiri, kila mmoja anataka apunguziwe kidevu. Akachoka. Akaja hapa kuchora kanisa moja, na hajarudi kwao mpaka leo. Mitume wake wote ni wakata miwa. Bikira Maria mmoja ana sura ya mama muuza kuku wa sokoni, na wateja humuuliza kama wanunue au wasali. Siku hizi mikono inamtetemeka, kwa hiyo nguo na nyuso ndogo nachora mimi.

Chini ya picha zake huweka waumini wamepiga magoti. Aliyekufa humchorea msalaba mdogo mwekundu juu ya kichwa. Ndiyo desturi ya wachoraji wa kwao tangu zamani. Akaniambia nami niweke mtu wangu mmoja. Nikamweka kaka yangu, na sweta lake lile la kijani. Mama, alifanana mpaka nikaogopa.

Mzee akauliza yuko wapi. Nikamwambia alikwenda Uarabuni kulinda magodauni, na huu ni mwaka wa sita hatujasikia neno. Nikaenda kuosha brashi. Kurudi, nakuta keshampiga msalaba. Hasira zilinipanda, nikachukua kitambaa chenye tapentaini nikaufuta mbele yake.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Wakesho, mimi sichoranga uongo kanisani. Amekufa ama hajakufa? Uniambie kabla wakuje kuchukua picha."

Tangu siku hiyo nashika brashi, naiweka, natoka nje, narudi. Nimemkasirikia Mwadime. Nimemkasirikia baba mdogo anayetaka matanga bila maiti, na wewe pia unayemwekea sahani kila Krismasi. Unisamehe, lakini ndivyo nilivyo sasa.

Nisalimie shangazi anayekusomea barua hii, na asianze kulia kabla hajamaliza. Nisalimie shemeji, mke wa Mwadime. Naye umwambie nilichoandika, ana haki ya kujua.

Wewe ndiye uliyemzaa, nitafuata neno lako, msalaba uwekwe au usiwekwe. Usiponipigia hadi Ijumaa, nitamwambia Mzee Joris kwamba kaka yangu amepiga simu. Uongo huo utakuwa wangu, Mama, si wako.

Binti yako,
Wakesho