Wageni Wanaokuja na Shada la Maua

Morogoro mjini,
Jumatano.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na maharage hayajaharibiwa na ukungu. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio hauko sawa. Barua nimempa Gervas, anayerudi huko baada ya kuuza karoti zake. Utashangaa mtu mwenye simu kuandika barua. Simu ninayo, Mama. Sauti ya kukuambia haya ndiyo sina.

Unawakumbuka wale wageni wanaozunguka vijiji vya marehemu Severini, yule mwandishi wa riwaya uliyesoma naye misheni. Mhadhiri wao, Dokta Esther, ndiye aliyenikodi niwaongoze. Tulianza parokiani alikobatizwa Severini, tukaenda kwa wajomba zake, maana niliwaeleza kwamba kwa sisi Waluguru kwao mtu ni kwa mama yake. Walinisifu mno, kichwa kikanivimba. Waliponiuliza mimi ni mwenyeji wa wapi, nikajibu kwamba ni mtoto wa mjini, milima nimeijua ukubwani tu.

Kijiji cha mwisho kilikuwa chetu. Dokta alikitamani kuliko vyote, kwa sababu Severini aliandika kwamba hadithi zake za kwanza alimsimulia rafiki yake Regina, walipokuwa wakienda kuchota maji. Alitaka kukuona wewe, Mama. Ndiyo maana nilikuambia ujiandae.

Tulipofika kwenye migomba ya chini, nikainua macho nikaiona nyumba. Ule ukuta nilioahidi kuujenga bado umeegemezwa miti. Nikakuona kabisa akilini ukiniuliza mbele yao, kwa sauti yako hiyo isiyomwogopa mtu, kwamba matofali yako wapi. Aibu ikanikaba. Nikamwambia Dokta kuwa Bibi Regina amefariki.

Nilidhani yataishia hapo, mpumbavu mimi. Dokta alilia. Wageni walivua kofia wakasimama kimya njiani. Dereva wetu Mohamedi, ambaye ni Mzigua, alinijia juu. Alisema msiba umetokea kwa watani wake na hakuna aliyemwita. Akauliza ni mtani gani basi aliyelala kaburini, kama desturi ilivyo, kuzuia maziko mpaka apewe jogoo. Nikamjibu hovyo hovyo, nikawahimiza tushuke.

Kwa hiyo ule ujumbe niliokutumia kupitia simu ya Gervas, kwamba mvua ilituzuia, ulikuwa uongo. Halikudondoka hata tone. Na kuna jambo ambalo mkono wangu unakataa kuliandika. Nilikuona, Mama. Ulisimama uani na kitenge chako cha Jumapili, ukatupungia mkono. Wageni nao wakakupungia. Dokta akauliza yule mama ni nani. Nikasema ni jirani wa marehemu.

Sasa wanarudi Jumamosi na shada la maua waliweke juu ya kaburi lako. Mohamedi naye anakuja kutimiza utani wake, na ameapa hatabanduka bila jogoo. Ningeweza kumpigia Dokta nikabuni uongo mwingine, na kusema kweli nilishaanza kuutunga. Nikajionea kinyaa.

Nitapanda Ijumaa. Nataka wanikute uani kwako, niwaambie mbele yako kwamba huyu ndiye Regina, kwamba ni mama yangu, na kwamba nilimzika akiwa hai kwa sababu ya ukuta ambao mimi mwenyewe sikuujenga. Ukinifukuza, nitasimama pale pale kwenye migomba na kuwaambia kutoka huko. Sikuombi unisamehe kabla hujanitazama usoni. Naomba tu, wakija, uvae kile kitenge tena.

Wasalimie majirani wote, na jogoo usimchinje mapema. Mohamedi atakuwa na haki naye.

Ni mimi mwanao, mzaliwa wa nyumba hiyo yenye ukuta ulioegemezwa miti,

Evance