Miche Iliyofukiwa na Viriba

Jumamosi

...na eti mimi ndiye mchokozi! Miche niliyoiombea michango kwa wasomaji wa blogu yangu miezi mitatu, mwenyekiti wa kamati yetu ya kupanda miti ameifukia leo huku Kwihara pamoja na viriba vyake, vile vifuko vya plastiki ilimooteshwa, ili awahi kupiga picha na wageni.

"Shikamoo mzee. Hiyo mizizi itapita wapi?"

"Marahaba. Wewe andika imepandwa. Unajifanya bwana miti?"

Imepandwa! Hata marehemu tunamfukia, lakini hatusemi tumempanda.

Naogopa. Nikisema ukweli, wasomaji hawatachangia tena. Nikinyamaza, miche itakufa yote.

Nimeweka kwenye blogu picha ya mche nilioung'oa, kiriba kikionekana. Chini nimeandika: kesho alfajiri tunaifukua yote na kuchana viriba, njooni na nyembe. Kwenye orodha ya waliojitolea, jina la kwanza ni la mwenyekiti.

Mwenyewe bado hajui.