Magazeti Ukutani

Jumatatu, 8 Julai 1974

Jiko tena. Nimelipepea nje hadi vidole vikafa ganzi. Sijawahi kuona mtaa wetu wa Kisumu Ndogo ukiwa na baridi hivi. Kati ya ukuta na bati pana mwanya wa kupitisha mkono. Nimemlalamikia mwenye nyumba. Anasema hewa ni afya. Yeye analala kwenye nyumba ya mawe. Namchukia.

Jumatano, 10 Julai

Nerea, muuza dagaa wa omena wa chumba cha pili, ana mtoto wa wiki tatu. Kifua cha mtoto kinakoroma, nakisikia kupitia ukutani. Leo nimepika gundi ya unga, nikachukua magazeti yangu ya miaka mitatu, tukaziba chumba chake chote. Nyufa, madirisha, na ule mwanya wa juu. Nerea alinicheka: "Mzee, huyu atajua kusoma kabla hajatambaa!"

Nikamwagiza awashe jiko nje, asubiri moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo aliingize na kufunga mlango. Ndivyo mama alivyofanya kwetu Kaimosi, kabla mzungu hajatutoa shambani.

Ijumaa, 12 Julai

Kalamu inatoboa karatasi.

Alfajiri nilimsikia Nerea akiliingiza jiko. Saa tatu asubuhi mlango wake ulikuwa bado umefungwa. Niligonga. Kimya. Tukauvunja, mimi na fundi viatu wa jirani. Jiko katikati, jekundu, bila hata uzi wa moshi. Nerea sakafuni, amejitapikia. Mtoto amelegea kama kitambaa. Tukawatoa nje, kwenye baridi ile ile niliyowakinga nayo.

Mtoto alipiga chafya. Kisha akalia.

Nerea alizinduka njiani kwenda hospitali. Daktari amesema makaa yasiyo na moshi huua pia, hewa yake haina harufu. Akauliza ni nani aliyeziba chumba. Nikasema ni mimi.

Jumamosi, 13 Julai

Nimebandua magazeti yote. Kucha zinatoka damu. Vizuri.

Miaka hamsini nasoma. Nasoma nini? Nyumba ya mama ilikuwa ya nyasi. Moshi na hewa vilipenya paani, nikaviona kila siku ya utoto wangu. Mpumbavu mimi, nikabeba desturi ya nyasi nikaiweka chini ya bati. Na yule mwizi wa mwenye nyumba, mwanya wake ndio ungewaokoa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumapili, 21 Julai

Nimetembea hadi Kawangware, kwa mama yake Nerea. Yeye na mtoto wanapata nafuu huko. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha. Yalitoka mawili tu.

Mama mtu akasema, "Keti, mzee. Chai inapoa."

Jiko lilikuwa nje, chini ya upenu. Mtoto amefungwa kifuani mwa Nerea, blanketi mbili juu yao, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Hakoromi tena.

"Umeleta gazeti?" Nerea akauliza.

Lilikuwa mfukoni. Nikamsomea mtoto ukurasa mzima. Mlango ulikuwa wazi. Tulitetemeka sote.