Dakika Ishirini za Kitanda cha Sita

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa wodi katuweka kitako tena kuhusu fenitoini, sindano ya kifafa. Isichanganywe na dripu ya sukari, inaganda. Iingie polepole, dakika ishirini. Mashine ya moyo iwepo, presha kila dakika tano, nesi asibanduke. Tukaitikia kama kwaya. Alipotoka tukaendelea na mtindo wetu: fomu inajazwa kabla ya sindano, saa ya kuanza, ya kumaliza, presha zote "kawaida". Hakuna aliyetufundisha. Tulikuta hivyo.

Jumanne, 5 Machi

Fundi cherehani, mama mmoja, kitanda cha sita. Kaanguka kifafa mara tatu tangu alfajiri, kaletwa na mdogo wake. Daktari akaagiza fenitoini. Nikajaza fomu: saa nne na kumi hadi saa nne na nusu. Mashine ya moyo ilikuwa kitanda cha pili, sikuifuata. Nimeanza tu — mzee wa kitanda cha kwanza kadondoka chini, puu! Kuacha sindano nusu sikutaka. Nikaisukuma yote. Dakika nne.

Alisema mkono unamchoma. Nikamwambia, vumilia mama, inaisha.

Presha ikaporomoka. Mapigo yakawa ya kuhesabika. Daktari akamwinua miguu, akamfungulia dripu ya chumvi, saa hakuitazama. Karudi, ashukuriwe Mungu. Daktari akauliza nilimpa kwa muda gani. Nilionyesha fomu kwa kidole.

Jumatano, 6 Machi

Anakunywa uji. Mdogo wake kanishika mkono: "Asante dada, wewe hukumwacha." Nilitamani ardhi ipasuke.

Daktari anahisi moyo wa fundi una kasoro. Eti kama hata kwa dakika ishirini kazimia, dawa hii asiguswe nayo tena. Kaandika kwa wino mwekundu. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Alhamisi, 7 Machi

Kifafa kimerudi, mara mbili asubuhi hii. Kapewa sindano nyingine ya kifafa, diazepamu, kimekatika, lakini pumzi zimekuwa fupi, daktari haongezi. Fenitoini ipo, chupa sita, kabatini nyuma yangu. Ikiingia taratibu, na mashine, pengine ingemfaa. Daktari haigusi, kwa sababu ya karatasi yangu. Anampeleka hospitali kubwa — saa tatu barabarani, na kifafa kinaweza kurudi njiani.

Mama yangu alikuwa akisema njia ya mwongo ni fupi. Nimeiona mwisho wake.

Nimejifungia chumba cha dawa. Nikisema, kazi naweza kuikosa, na wenzangu wote nitawachoma. Nisiposema, ni yule fundi. Naogopa. Nimekata "nne na nusu" kwa mstari mmoja. Pembeni nimeandika "nne na kumi na nne". Sahihi bado sijatia.

Mkuu anagonga. Daktari anataka fomu ya kitanda cha sita, ainakili kwenye barua ya rufaa, gari limeshafika. Anauliza kama ninayo.

Nimetia sahihi, nimemjibu ninayo.