Baba Mkwe, Meza Yako Wameikata Miguu

Baba,

Leo nakusemesha kwa mara ya kwanza, na nasikitika kwamba naanza na malalamiko. Miaka yote niliyoishi kwako Ikuti hatukuwahi kusalimiana. Ndiyo desturi yetu Wanyakyusa: mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani, wala mke halitaji jina la baba mkwe wake. Mimi nimelelewa Masoko, niliijua kabla sijaolewa. Ulipokuwa ukija njiani ulikohoa tangu mbali, nami nikajitosa migombani na ndoo yangu, nikageuza mgongo mpaka nyayo zako zipotee. Sasa umekufa na njia ni nyeupe, hakuna wa kumpisha. Bado naenda kisimani nikitega sikio.

Hata siku ya kukuaga nilipita kando ya jeneza nimeinamisha kichwa, kwa mazoea. Sura yako naijua kwa ile picha ya ubatizo wa mume wangu Lusajo tu.

Nina hasira, Baba. Meza wameikata.

Unakumbuka mwaka ule chuo kilipofungwa kwa ule mgomo wa wanafunzi kupinga kuchangia masomo. Mimi mhadhiri msaidizi nikarudi kwako na hadubini ya kuazima na chupa zangu za spiriti. Watu walicheka sana. Mke wa Lusajo kasoma mpaka Dar, kumbe anasomea takataka za mgongoni mwa kaa! Na kweli wanyama wangu nilikuwa nimewatoa mgongoni mwa kaa waliovuliwa kilindini. Ni viumbe wadogo wa ukoo wa kamba, ila hawa hawatembei. Wanajishikiza mahali pamoja kwa kikonyo, kama tunda linavyoshikwa na mti, na mwili wameufunika kwa vigamba. Kadiri nilivyowachunguza ndivyo nilivyoona hawaingii katika jenasi yoyote, nyumba yoyote ya jamaa wa karibu, iliyomo vitabuni. Kigamba chao cha mgongoni kinashuka na kukizunguka kikonyo chote kama pete. Huyu hakuwa mtoto mpya katika nyumba inayojulikana, Baba. Ilikuwa nyumba mpya kabisa.

Nilikuwa nafanyia kazi juu ya sanduku la nguo, nimepiga magoti. Sijui nani alikuambia. Ukamuuliza Mama, mkeo, "Mkwe anafika wapi kwa urefu?" Mama naye, kwa haraka zake, akakujibu, "Anapita mlangoni bila kuinama." Ukanidhania mrefu sawa na mlango, ukachonga meza ya mkaratusi kwa kipimo hicho, ukaja ukaiweka dirishani nilipokwenda kuchuma chai. Nikarudi nikaikuta inanifika kifuani! Fundi mwingine angemwita mwenye meza asimame apimwe. Wewe hukuwahi kuniona nimesimama.

Nilicheka mpaka Mama akaja mbio. Alitaka urudi uipunguze, nikamsihi asiseme neno. Pale juu mwanga ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye kioo cha hadubini, hata siku za mawingu yetu haya ya Tukuyu yasiyojua kwenda kwao. Michoro yangu yote ya vigamba niliichora pale, nimesimama, likizo baada ya likizo, na usiku miguu ikiniuma nikikulaumu na kukushukuru kwa pumzi moja.

Ulipofariki nilikuwa Dar. Basi likatuharibikia njiani, nikafika waombolezaji wameshajaa. Wifi Tupokigwe alikuwa ameagiza meza ikatwe miguu watu wapate pa kulia chakula. "Meza gani hii, ya majitu?" ndivyo alivyosema. Asiyekuwepo na lake halipo. Wote wakaniambia sasa imekaa vizuri, utakaa kitini kama watu. Nimekaa. Dirisha liko juu ya utosi wangu na ndani ya hadubini ni giza tupu.

Na huko Ulaya nako wakanichosha. Mhakiki wa jarida nililolipelekea makala yangu aliandika kwamba wanyama wangu ni wachanga wa jenasi ya zamani, eti pete ile itawatoka wakikua. Wachanga! Ukurasa mzima nilieleza kwamba ndani wana mayai. Mtoto gani anayetaga? Nilitafuna kalamu, nikajibu kwa adabu, nikasubiri majibu mpaka nikakata tamaa. Barua ya mhariri imefika juma hili. Amekubali. Amebaki kutaka jina tu: jenasi hii iitwaje, na kwa nini.

Nataka iitwe kwa jina lako. Kwa sababu ya meza, Baba. Kipimo chako, vile vipande vya miguu, wamekitupa jikoni, kimekuwa kuni. Jina hilo likikaa kitabuni, hapana atakayelikata miguu.

Wifi aliposikia aliruka. "Mkwe alitaje jina la baba mkwe? Tena alivike dudu la baharini? Unataka wanao waumwe?" Lusajo, mwanao mpole kupita kiasi, anasema tungoje kikao cha ukoo. Kikao! Siku hizi kila kitu ni huria, sukari huria, mitumba huria, hata kiwanda cha chai kimepata mwenyewe mpya, ila jina lako bado liko chini ya ulinzi. Na linaloniudhi kuliko yote ni hili: nilifunga mlango nikajaribu kulisema peke yangu. Ulimi ulikataa. Nina shahada mbili, Baba, na ulimi ulikataa. Nikalia kwa hasira na kwa kukukumbuka.

Jana Mama alikuwa anamenya ndizi, sisi tunazozana. Hakuinua hata kichwa. Aliuliza tu, "Kwani karatasi ina sauti?" Wifi hakukubali. Alichukua kisu akaanza kumenya naye, nami nikaona hilo linanitosha.

Leo asubuhi nimeweka matofali chini ya miguu ya meza. Inayumba, na nimelazimika kuisukumia ukutani, lakini mwanga umerudi. Nimesimama pale nikaliandika jina lako, nikaliongezea mkia wa Kilatini kama sheria ya kazi yetu inavyotaka, na chini yake nikaandika kwamba ni la fundi aliyenichongea meza bila kuniona. Bahasha nitaipeleka posta Tukuyu mwenyewe, kikao kikae kisikae.

Utaona katika barua hii sijakutaja jina. Sitakutaja kamwe, usiwe na wasiwasi. Nikirudi darasani nitaliandika ubaoni, na wanafunzi ndio watakaolisoma kwa sauti, watoto wa pwani, wa bara, wasio na mwiko nawe. Watakapolitamka, nakuahidi, nitafanya kama pale njiani. Nitasogea pembeni, nitageuza mgongo, nitangoja.

Pita, Baba. Ndaga fijo, asante sana.

Mkweo