Treni Iliyorudi Kinyumenyume

9 Februari

Kwa mjukuu wangu Chiriku,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, lakini nikiingoja posta itanikuta nimeshalala chali. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake. Nikiliambia twende, linasema tangulia. Baba yako, Mheshimiwa Vidonge, hajambo. Bado anafunga duka lake la dawa saa ile ile na kula kimya kimya kama mtu anayehesabu tembe mdomoni. Wewe je, kifua kimepona? Na chakula cha bweni, siku hizi mnaambiwa ni nini, au bado mnakisia?

Sasa kaa chini. Ile sinema yetu ya kuimba, ile ya binti wa dobi, imezaa! Jana nilipita kwenye jumba letu la zamani kumsalimu mkata tiketi, nikakuta bango ukutani: Sehemu ya Pili, inaanza likizo yenu. Binti wa dobi amenenepa kidogo, lakini nani hajanenepa.

Mkata tiketi anasema sehemu ya pili siku zote ni chai iliyopashwa moto. Nikamwambia, wewe umeoa mara mbili, mbona hatukusikii ukilalamika? Akajifanya anatafuta chenji.

Basi usithubutu kuiona na wenzako. Tuliapizana, na asiyemngoja mwenzake aote upele mahali asipofikia kujikuna.

Na masomo? Unataka kuwa nani, mwaka wa mwisho ndio huu? Niambie mimi, sitamwambia mtu. Elimu yangu unaijua, iliishia darasa ambalo nilikaa karibu na mlango.

Babu yako,
mwenye goti moja na nusu

&nbsp;

20 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, chakula hakijapona. Nilisoma barua yako kitandani nikapiga kelele, matroni akaja mbio akidhani ni nyoka.

Umeniuliza nataka kuwa nani. Hapa kila mtu ana ndoto iliyopigwa pasi: daktari, wakili, rubani. Mwalimu akiuliza tunajibu kama tunaitika majina. Baba anataka niwe mfamasia. Si kazi mbaya, babu. Nimemwona akimweleza mama mmoja namna ya kumeza dawa, akarudia na kurudia, wala hakuchoka. Lakini anataka niwe sehemu yake ya pili. Duka lile lile, koti jeupe lile lile, mwigizaji mpya.

Mimi nataka kuimba. Nimeomba chuo cha sanaa, upande wa uimbaji na uigizaji. Baba anajua. Alinijibu hivi: "Omba. Wakikukataa, nyimbo ziishe. Utasoma dawa, na sitaki kuona midomo imevutwa." Nikakubali. Kwa hiyo nina nafasi moja tu.

Chuo kilitaka insha: chagua filamu, eleza mwisho wake, useme sehemu ya pili ingekuwaje. Nikacheka peke yangu! Nimeandika yetu. Nimeeleza jinsi treni inavyoondoka na binti, na dobi amechelewa na koti la mwanawe mkononi. Anapanda juu ya paa la kufulia, anapeperusha shuka jeupe na kuimba mpaka dereva anamsikia, na treni inarudi kinyumenyume hadi kituoni. Nikasema sehemu ya pili ianzie hapo hapo kwenye paa, kwa sababu kusameheana ni rahisi wakati muziki unapigwa. Kazi ni kesho yake asubuhi, nguo za watu zikiwa bado chafu.

Nimeituma jana. Niombee.

Mjukuu wako,
Chiriku

&nbsp;

3 Machi

Chiriku,

Hatujambo wote, goti linakusalimia. Umeandika vizuri hayo ya kesho yake asubuhi, nimeyasoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani.

Sasa hiyo treni. Uliandika kwamba ilirudi? Kwa penseli au kwa kalamu? Na hawa watu wa posta, mtu akiwabembeleza, hawawezi kurudisha bahasha? Nauliza tu, sina neno.

Wakikuita kwenye usaili, jitahidi mazungumzo yakae katikati ya picha, yasifike mwisho. Ukiona yanafika, imba. Hapana, usiimbe. Mimi ndiye niliyekupa jina la Chiriku, na nilikupa kwa ajili ya kelele, si utamu.

Vaa sweta.

Babu yako

&nbsp;

19 Machi

Babu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kama si mzima, pole.

Jumamosi matroni alituonyesha filamu kwenye bwalo la chakula. Yetu, ile ya kwanza, ili tuwe tayari kwa ya pili. Nikajisemea kiapo ni cha sehemu ya pili, hii si dhambi. Kila wimbo nilikuwa naugeukia ukumbi mzima: "Hii si kitu, ngojeni paa! Ngojeni treni!" Wenzangu wakangoja. Treni ikaondoka. Dobi akafika na koti. Akasimama. Akalikunja koti, taratibu, kama anavyokunja nguo za wateja. Giza. Majina ya watu yakaanza kupanda.

Babu, hakuna paa. Hakuna shuka. Treni haikurudi.

Nilisimama nikasema wamekata kipande. Walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni. Sasa naitwa Fundi Paa. Nikipita korido wanapuliza honi ya treni na kutembea kinyumenyume.

Na barua ya chuo imefika. Nimeitwa kwenye usaili, mwezi ujao. Wameandika kwamba wangependa "kuzungumzia insha yako". Nitawaambia nini? Kwamba nimesifia mwisho usiokuwepo? Nafasi yangu ni moja, na umeijaza uongo.

Na zile nyingine? Yule mwizi aliyerudisha mkufu? Yule kipofu aliyeoa mpiga zeze? Ni ngapi za kweli?

Mjukuu wako

&nbsp;

25 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, hata ile iliyorushwa kama jiwe nimeidaka.

Mwizi hakurudisha mkufu, nadhani. Kipofu sijui. Hakuna hata moja ninayoijua, na nitakwambia kwa nini, maana ulikuwa mdogo na hukuwa unaona ninachofanya. Ulikuwa unaona pipi.

Bawabu wa sinema haoni mwisho. Ndiyo kazi yenyewe. Wimbo wa mwisho ukianza, bawabu anatoka nje, anashika komeo la mlango mkubwa, ili taa zikiwaka tu milango iwe wazi na watu wasikanyagane. Wengine walilipa tiketi kuona mwisho. Mimi nililipwa nisiuone. Nilisikia muziki kupitia mbao, kisha nikaziona nyuso. Watu wakitoka wanatazama chini, nikajua mtu mwema amekufa. Mke na mume wakitoka wameshikana mikono, nikajua ni harusi. Wakitoka kila mtu na njia yake, nikajua picha ilikuwa ya kweli.

Wewe nilikuweka kiti cha nyuma, kando ya pazia. Ningekuacha gizani peke yako? Nikitoka, natoka nawe. Na kwa kuwa ulizaliwa ulimi ukiwa umetangulia, ukawa unaniuliza: "Babu, ikawaje?" Siku ya binti wa dobi walitoka wanalia, hata wale vijana wa nyuma wanaotemeana maganda. Nikajua mzee wa watu kaachwa. Lakini ulikuwa umenishika kidole, unangoja. Basi nikairudisha treni. Treni ya watu, sikuomba hata ruhusa.

Halafu siku iliyofuata ukataka tena, nikaongeza shuka.

Nenda kwenye usaili. Usiseme ulisahau, usiseme ulikuwa na maana nyingine, watu waliosoma wananusa hayo. Sema babu yako alikuwa bawabu. Wakicheka, cheka. Wakikukataa, utakuwa mfamasia, nami nitameza dawa zako bila kusoma maelezo, kwa adabu.

Babu yako,
mwizi wa treni

&nbsp;

22 Aprili

Chiriku,

Salamu nyingi. Posta inasema haina barua yangu, nikawaambia watazame chini ya meza, wakatazama, hawakuona kitu. Usaili si umekwisha? Umeninunia, au umeota upele?

Baba yako anaulizia. Anajifanya haulizi. Juzi nimemkuta dukani anapanga chupa huku akipiga mluzi ule wimbo wa pasi anaouimba binti wa dobi. Nilipoingia akakohoa. Naye alipokuwa mtoto nilikuwa namtoa kabla ya mwisho, unajua? Tofauti yenu ni kwamba yeye hakuwahi kuuliza ikawaje. Alisimama tu pale kando ya komeo, kimya. Huenda ndiyo maana akapenda dawa: ukifuata maelezo, mwisho unaujua.

Andika hata matusi.

Babu yako

&nbsp;

2 Mei

Babu yangu,

Shikamoo. Sikununa. Nilikuwa nangoja majibu, na nilishindwa kuandika kitu kisicho na mwisho.

Walikuwa watatu mezani. Mama mmoja wa miwani alikuwa na insha yangu, amechora duara kuzunguka treni. Akaniuliza, "Binti, hii ilirudi kwenye filamu gani?" Nikawaambia. Komeo, pazia, nyuso, kidole, vyote. Mzee mwenye upara alicheka mpaka akaletewa maji. Yule mama hakucheka. Akasema, "Kwa hiyo hujawahi kuona mwisho wa filamu?" Nikasema, "Nimeona mmoja, mwezi uliopita, na sikuupenda." Hapo naye akaandika kitu.

Kisha wakaniambia niimbe. Nikaimba wimbo wa pasi. Nilipofika kiitikio mwenye upara akaanza kutazama dirishani. Mama akasema, "Asante, inatosha," kwa upole mkubwa, kama anayemfunika mgonjwa.

Jana majibu yamekuja. Upande wa uimbaji sikuchukuliwa. Wamenipa nafasi upande wa uandishi wa filamu.

Nimelia, babu. Tangu nikiwa mdogo nilijiona juu ya paa, watu wote wananitazama. Kumbe wao wameniona mlangoni. Halafu usiku nikajikuta namwandikia yule dobi asubuhi yake ya kesho, nikasahau kulia.

Lakini baba je? Tulikubaliana: wakinikataa, nyimbo ziishe. Sasa wamenikataa au wamenikubali? Mimi siwezi kumwuliza, naogopa jibu. Mwambie wewe. Na usimwongezee shuka.

Mjukuu wako,
Chiriku, wa kelele

&nbsp;

9 Mei

Chiriku,

Nilijua watakusikia ukiimba. Nilitubu kwa niaba yako.

Nimekwenda dukani leo, nikangoja mteja wa mwisho atoke, nikamsomea Mheshimiwa barua yako yote, hata paliponihusu vibaya. Akawa anahesabu tembe. Nikamaliza, akawa bado anahesabu. Nikataka kumpiga na mkongojo.

Akauliza, "Kuandika filamu ni kazi ya kukaa?" Nikasema ndiyo. "Kwenye meza?" Kwenye meza. Akafunga kipakiti cha tembe, akaandika juu yake, akalamba gundi. "Na mwisho anauandika yeye mwenyewe?" Nikasema kwa nilivyoelewa, ndiyo, hakuna mwingine.

Akasema, "Basi aandike unaoeleweka. Watu wasitoke mlangoni wanalia."

Hilo ndilo jibu. Nimekuandikia kama lilivyo, sikuongeza hata kitambaa cha mkono.

Njoo likizo. Tiketi mbili zimewekwa, na mkata tiketi amekatazwa kunisimulia.

Babu yako

&nbsp;

12 Septemba

Kwa mwandishi wetu,

Natumaini umefika chuoni salama, kitanda hakina kunguni na meza haitikisiki. Sisi wazima. Shati langu bado lina alama ya vidole vyako tangu ile sinema. Wimbo wa mwisho ulipoanza miguu ilisimama yenyewe, nawe ukanivuta mkono wa shati: "Kaa, babu." Nikakaa. Mwisho wa kwanza maishani mwangu! Yaani binti karudi, mzee anampigia lile koti pasi, hata hawaimbi, basi? Bado nausemea vibaya kwa mkata tiketi. Ila usimwambie kwamba nililia. Mimi nilisema ni vumbi la viti.

Sasa lile la mimi kutokuja kituoni. Ulikuwa unageuka geuka, baba yako ameniambia. Alikubebea sanduku, akasimama pale na sweta ulilosahau, treni ikaondoka. Mimi sikuwepo kwa sababu reli inapita nyuma ya nyumba yetu, na kuna ngazi.

Kama uliona kitu cheupe juu ya paa, hakikuwa chupi ya jirani. Goti lilikataa, nikaliacha chini likibisha, nikapanda bila lenyewe. Nilipeperusha shuka na kuimba wimbo wa pasi mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Dereva wako ni kiziwi. Alipita moja kwa moja.

Baba yako aliporudi alinikuta bado huko juu, kushuka kumenishinda. Nikangoja anigombeze. Akaweka sweta lako begani, akapanda ngazi, akaketi kando yangu na viatu vyake vya dukani. Tukatazama reli. Kisha akaniuliza, taratibu, mtu mzima yule mwenye mvi:

"Ikawaje?"

Nilikuwa na treni kumi za kumrudishia. Nikazimeza zote.

Nikamwambia, mimi ni bawabu tu, mwanangu. Anayejua yumo ndani.

Babu yako