Kufuli la Omondi

Jumatatu, 3 Machi

Betri ishirini za boda kwa chaji kabla ya saa tano. Hapa Sindo hakuna anayejua pikipiki za stima kama mimi. Nimefika Kampala, nimefika Mwanza. Shule niliachia kidato cha pili, ikabaki ikinililia. Lakini saa tisa kamili Omondi, fundi wa sola inayotupa stima, hufunga swichi yangu kwa kufuli. Ati stima ya jioni ni ya friza za samaki kule bichi, ziwani. Ananiona mtoto.

Jumatano, 5 Machi

Lori limemuua Ouma wetu wa boda, barabara ya Rongo. Nimelia kama ng'ombe. Maiti inakuja Ijumaa, na mtu wa boda harudishwi nyumbani kimya: pikipiki zote, honi zote. Nimeahidi betri thelathini zilizojaa. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata kwa miguu.

Alhamisi, 6 Machi

Mawingu kutwa. Betri sita tu. Nimemwomba Omondi aache swichi wazi.

"Omera, ndugu yangu, hii stima imebaki ni ya samaki. Ouma hatarudi. Samaki wataoza."

Hayo ya Ouma yaliniwasha. Alipoenda kwake nikapiga kufuli nyundo. Mara tatu. Nikachomeka betri zote.

Ijumaa, 7 Machi

Tumemleta Ouma kama rais. Nilisimama juu ya kiti cha pikipiki, mikono hewani.

Kurudi bichi, harufu kwanza. Betri zangu zilimaliza stima yote. Mbuta, samaki wote wale, wameoza, maji ya damu yanatoka kwa friza. Wavuvi wamemlaza Omondi chini. Kasia likampiga mdomoni. Meno kwenye mchanga. Mwingine anamkanyaga vidole.

"Mwizi! Umeuzia boda stima yetu!"

Nilinyamaza. Mimi, mdomo mkubwa wa Sindo, nilinyamaza mapigo manne ya kasia. Naona aibu kuandika. Petroli ikaja kwa chupa. Ndipo nikapiga kelele: ni mimi, nyundo ni yangu.

Kasia likanivunja mkono wa kulia. Jiwe likanifungua kichwa. Mama mmoja wa samaki akanilalia juu, akiwatukana: "Mkimuua huyu mjinga, mbuta watafufuka?" Wakachoka.

Jumapili, 9 Machi

Hospitali, Homa Bay. Naandika kwa kushoto. Omondi yuko kitanda cha pili, taya limefungwa waya. Nimemwomba msamaha. Akageukia ukuta.

Uji ukaja. Vidole vyake havishiki kitu. Nikashika kikombe, nikamwekea mrija mdomoni. Akanywa wote, polepole. Nikampangusa kidevu.

Akageukia ukuta tena.